Kandida Mwenye Chaki Mgongoni

Mimi ni fundi cherehani, na hasira zangu ziko karibu. Nayasema yote mawili mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele. Nimeshona nguo hapa Gisenyi tangu niliporudi kutoka Tanzania, msichana mwenye Kiswahili cha shule na Kinyarwanda cha kubahatisha, na katika miaka yote hiyo hakuna neno lililonilisha kama "kandida". Makandida ndio wateja wangu wakubwa.

Kule nilikozaliwa, kila mtu ana jina lake kulingana na anachokitafuta. Anayetaka kura ni mgombea, anayefanya mtihani ni mtahiniwa, anayejiandaa kwa kipaimara ni mwanakipaimara. Hapa, wenzetu waliorudi kutoka Kongo walikuja na neno moja la Kifaransa, wakalifanya sufuria ya kupikia kila kitu. Kandida wa mtihani wa taifa huja kwangu na mama yake, anataka sare isiyobana mabega. Kandida wa kipaimara anataka kanzu nyeupe, na mama yake ananinong'oneza niache pindo refu ili mdogo wake aje aivae. Kuna kandida wa leseni ya udereva aliyefeli, akarudi kunidai kwamba suruali niliyomshonea ina mkosi. Nilimfukuza na mkasi mkononi. Na kandida wa uchaguzi, huyo anataka koti. Daima koti, hata kama uchaguzi wenyewe ni wa kamati ya bomba la maji.

Niliyajua matumizi hayo yote. Moja tu lilinipita, na lilinipita kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kunitajia. Nilikuwa mke wa mtu, kisha nikawa mjane.

Rafiki yangu ana duka la vitenge, vifungo na zipu, mlango wa pili kutoka kwangu. Alizaliwa Goma, akavuka kuja huku na watoto wawili na ulimi ambao haujawahi kupumzika. Ananiita Mutanzania, nami namwita Madamu Zipu, kwa kuwa ndicho kitu pekee ambacho mdomo wake hauna. Mchana tunakula pamoja, yeye analeta sambaza za kukaanga, vile vidagaa vya ziwani, mimi naleta ndizi. Jioni anafunga duka, anakwenda kwenye kelele za wajukuu zake, na mimi napita mlango wa nyuma wa kiwanda changu cha kushonea na kuingia nyumbani kwangu, mahali ambapo hakuna kelele yoyote. Binti yangu yuko Kigali na kazi yake na mume wake. Nilikuwa nimeshajifunza kupika viazi viwili. Viwili vya kuhesabu, mtu mzima mimi. Nikiulizwa, nilijibu kwamba nimezoea, na nilikuwa mkali ili nisiulizwe tena.

Basi mkuu wa mudugudu wetu, yaani kitongoji, akahamia Kanama, kwenye mashamba ya mkewe, tukaambiwa tutachagua mwingine. Uchaguzi wa mudugudu hauna karatasi wala sanduku. Wagombea wanasimama mbele, na wewe unapanga mstari nyuma ya unayemtaka, majirani wote wakikutazama macho makavu. Atakayekuwa na mstari mrefu ndiye. Kitongoji kizima kikawa hakina habari nyingine, na mimi nikaanza kupima vitambaa vya makoti kwa macho.

Katika siku hizo hizo rafiki yangu akaingia, akavuta kigoda, akasema kwa sauti ya chini ambayo kwake ni ugonjwa:

"Mama, niko na kandida."

"Nani?"

"Mutu muzuri sana. Alikuwa mwalimu, sasa anapumzika. Iko anakaa huku chini, ile nyumba ya bati ya bulu. Alitoka Nyamyumba juzijuzi."

"Mgeni! Mgeni atatuweza?"

"Donc, basi hana maadui. Na atazoea, we utamuzoesha."

Nikaona hoja ina uzito. Nikauliza kama ni mlevi. Akasema Fanta tu, tena ya machungwa. Nikauliza ana mipango gani.

"Anapenda amani," akasema. "Na anajua kupika."

"Kupika kunahusiana nini na uongozi?"

"We unaona ni kitu kidogo?"

Nikaliacha hilo. Nikauliza atakaa kwa muda gani, miaka mitano kama wenzake? Rafiki yangu akanikodolea macho.

"Mitano? Bon, mi nilifikiri ni mpaka kufa. Lakini we ukipenda kuanza na mitano, nitamuambia."

"Mpaka kufa! Hapana bwana, hapo ataota mapembe. Mlete nimpime kwanza. Nikiona anafaa, nitamuunga mkono, tena mbele ya watu wote."

"Mbele ya watu wote?"

"Mimi sina haya na jambo ninaloliamini."

Akajishika kifua kwa mikono miwili. "Mutanzania wangu! Na mi nilikuwa naogopa kukuambia. Nilete na watu wake?"

"Lete. Kampeni haifanywi na mtu mmoja."

Alitoka mle ndani akiimba wimbo wa kanisani. Mimi nikatafuta kitambaa cha kijivu kizito, kile kinachomfaa mtu wa makamo, nikakiweka tayari mezani.

Walikuja Jumapili baada ya misa. Mbele alikuwa rafiki yangu, amevaa kitenge alichokuwa anakiweka kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Nyuma yake bibi mmoja mwenye mkongojo, ambaye nilielezwa kuwa ni dada mkubwa wa mwalimu na kwamba ametoka Nyamyumba asubuhi hiyo kwa moto, yaani pikipiki, akiwa amemkumbatia dereva kwa nguvu zote. Halafu mwalimu mwenyewe. Mrefu, mwembamba, mvi za kutosha, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, na koti la zamani lililomshuka mabegani. Mikononi alibeba kreti ya Fanta.

"Nyie!" nikasema. "Soda za kampeni haziruhusiwi! Mnataka tufungwe?"

Mwalimu akamtazama rafiki yangu. Rafiki yangu akacheka kicheko cha mtu anayetumaini kwamba kuna utani. Nikawaambia basi waiweke pembeni, tusije tukaonekana. Sikuwapa hata nafasi ya kukaa vizuri. Utepe ulikuwa shingoni, chaki kidoleni. Nikamwambia mwalimu asimame katikati ya chumba, anyooshe mikono.

Akasimama. Akanyoosha mikono. Namkumbuka alivyofanya hivyo bila kuuliza, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Nikaanza kazi. Nilipima mabega, kifua, urefu wa mkono, na kwa kuwa lile koti la zamani lilinionyesha wazi mahali linapokosea, nilichora chaki juu yake: mstari huku, msalaba kule, mwingine chini ya ukosi. Na kama ilivyo desturi yangu kwa wagombea, nilimhoji hukohuko.

"Ukichaguliwa, jambo la kwanza utafanya nini?"

Akafikiri. Akainua macho. "Nitaziba lile bati. Naona maji yanaingia."

Kweli bati langu lilikuwa linavuja, juu ya pipa la vitambaa. Nikamwambia bati langu si hoja, aseme habari ya taa za barabarani.

"Taa?"

"Na mitaro. Mvua ikinyesha tunatembea matopeni. Unawaahidi nini akina mama?"

"Akina mama," akasema polepole, "ni wangapi?"

Hapo bibi mwenye mkongojo akachoka. Akagonga sakafu mara moja, akasema kwa ile sauti ya watu wanaoongea kando ya ziwa, sauti ya kufika mbali:

"Mama, sisi hatuna maneno mingi. Nyumba ya ndugu yangu iko baridi. Tumesikia na ya kwako pia iko baridi. Donc tumekuja kuuliza, kama unamuona ni mutu, mukae wote pamoja."

Nilikuwa nimeshika utepe kuzunguka kifua chake. Sikuuachia. Nadhani niliusahau. Nilimgeukia rafiki yangu, naye alikuwa amefumbua mdomo, na nikaona kwenye uso wake kwamba yeye pia ameanza kuelewa wakati uleule: miaka mitano, kumpima, mbele ya watu wote, yote.

"Wewe," nikamwambia. "Ulisema kandida."

"Si kandida huyu hapa?"

"Mgombea! Wa mudugudu!"

"Yesu Maria! Mi nasema kandida, we unasikia uchaguzi? Kandida wa bibi! Mutu anatafuta bibi!"

"Bibi" kwao ni mke. Kwetu ni mwanamke mzee, mwenye wajukuu. Kwa nusu dakika hata hilo lilinichanganya, nikamtazama yule dada mtu na mkongojo wake.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha haya ikageuka hasira, maana ndivyo nilivyoumbwa, na maneno yakawa yamejipanga kwenye ulimi wangu: kwamba nani aliwaambia nyumba yangu ni baridi, kwamba mimi si kitambaa cha kuuziwa mtu dukani, kwamba wabebe Fanta zao na waende. Nilijua kabisa kwamba nikiyasema, yule mzee atatoka pale na kuteremka mtaa mzima, watu wakiwa wanatoka kanisani, akiwa amekataliwa na huku koti lake limejaa chaki. Nilijua, na bado nilikuwa nataka kuyasema.

Ndipo mwalimu akacheka. Hakumcheka mtu, alijitazama tu kifuani, kwenye ile mistari, akacheka mpaka utepe ukatikisika mikononi mwangu.

"Mama," akasema, "nikuombe msamaha kwa niaba ya Waroma. Kosa ni lao."

Bibi akauliza Waroma ni akina nani, ni wa parokia gani.

Akatueleza akiwa vilevile, mikono imenyooka, maana sikuwa nimemwambia aishushe. Alisoma Kilatini kwa mapadri, kule Kongo, utotoni. Roma ya kale, alisema, mtu aliyetaka kuchaguliwa alivaa joho jeupe, na lisipong'aa vya kutosha alilipaka chaki ili aonekane kutoka mbali. Nyeupe ya kung'aa kwao ni "candidus". Basi yule mtu wakamwita "candidatus", mweupe-weupe, mpakwa chaki. Akishajipaka, alizunguka sokoni akiwashika watu mikono na kuwaita kwa majina, hata wasiomjua. Neno likatoka hapo, likapita kwa Wafaransa, likavuka bahari, likafika Goma, na leo limevuka mpaka kwa miguu na kuingia hapa.

"Nimefundisha na chaki maisha yangu yote," akasema, "na hakuna siku iliyowahi kunifanya kandida. Wewe umenipaka kwa dakika kumi. Sasa mimi ni kandida kamili, wa kitabuni. Lakini Mama, kandida kazi yake ni moja, kujipaka nyeupe na kusubiri. Kuchagua si kazi yake. Na aliyeombwa kura hadaiwi jibu siku hiyohiyo."

Kisha akaongeza, akiwa ananitazama mara ya kwanza: "Wale walitafuta kura nyingi. Mimi natafuta moja. Sijui nani ana kazi ngumu zaidi."

Hasira yangu iliondoka. Sielewi iliondokaje, siyo tabia yake. Nikaushusha utepe, nikamwambia anaweza kushusha mikono, na nikasikia mtu anasema tufungue hizo Fanta. Mtu huyo alikuwa mimi. Tukanywa, tukacheka mpaka rafiki yangu akalala juu ya meza ya kukatia. Bibi alicheka mwisho, baada ya kueleweshwa mara ya pili, na ndiye aliyecheka kuliko wote. Mwalimu aliondoka bila kujifuta hata mstari mmoja. Aliteremka mtaani vile, na watu walipomuuliza ana nini, aliwajibu kwamba ni kandida. Majirani wakaanza kujiuliza kama kweli anagombea.

Hakurudi kuuliza jibu. Alichofanya ni kupita. Kila jioni, akienda kutembea, alisimama barabarani mbele ya mlango wangu, akainua kofia, akasema, "Kandida anapita," na akapita. Siku za mwanzo nilisema kimoyomoyo mzee huyu hana kazi. Halafu nikaanza kusogeza cherehani karibu na mlango, kwa ajili ya mwanga. Rafiki yangu akauliza mwanga gani, wakati jua linazama upande wa pili. Nikamwambia aende akauze zipu.

Siku moja hakupita. Wala kesho yake. Nilikuwa nashona koti lake, maana vipimo nilikuwa navyo na kitambaa kilishakatwa, na nilijiambia kwamba fundi haachi kazi nusu. Nikashona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia. Mimi! Nikaufumua, nikaushona tena, nikaukosea tena. Rafiki yangu akasimama mlangoni akaniangalia, na kwa mara ya kwanza katika urafiki wetu hakunitania. Alisema tu, "Ameenda Nyamyumba kuona dada yake. Iko na homa kidogo. Atarudi." Nikasema sikuuliza. Akasema anajua. Akaenda zake, na mimi nikakaa pale na ule mkono wa koti mapajani, nikakubali peke yangu, bila shahidi, kwamba sijawahi kuzoea chochote. Viazi viwili si kuzoea. Nilikuwa mpweke, na nilikuwa nimelificha neno hilo hata kwa Kiswahili changu kizuri.

Alirudi usiku wa kuamkia uchaguzi. Asubuhi nilimpelekea koti kwa mkono wa rafiki yangu, na kuagiza kwamba ni zawadi ya kumkaribisha jirani, basi, asije akafikiria mengine. Nilifunga kiwanda, nikapanda kwenye uwanja wa mudugudu.

Wagombea walikuwa wawili, muuza viazi wa Nyakiriba na mama mmoja wa kwaya. Msimamizi akawasimamisha mbele, akatangaza tupange mistari. Watu wakaanza kusukumana na kuitana. Rafiki yangu alikuwa tayari kwa mama wa kwaya, akinipungia mkono, "Mutanzania, huku! Huku!" Nikaanza kwenda.

Ndipo nikamwona mwalimu. Amechelewa kufika, amesimama kando peke yake, hajui bado aende mstari upi, na amevaa koti langu. Lilimkaa! Mabega yametulia, mikono imefika inapotakiwa kufika. Nilijisifu. Kisha akageuka kuangalia mistari, nikaona mgongo wake. Katikati kabisa, chini ya ukosi, msalaba mkubwa mweupe wa chaki. Niliuchora wakati wa kushona, nikasahau kuufuta. Katika maisha yangu yote sijawahi kutoa nguo na chaki juu yake.

Nikaacha mstari, nikaenda kwake kwa haraka ili niufute kabla watu hawajaona. Nilifika nyuma yake, nikainua mkono.

"Mama!" Msimamizi alikuwa ananiita kutoka mbele, na sauti yake ikanyamazisha uwanja. Mistari ilikuwa imeshatulia, kila mtu mahali pake. Tuliobaki nje tulikuwa wawili, mmoja nyuma ya mwingine. "Mama, umepanga mstari nyuma ya nani hapo?"

Jibu lilikuwa jepesi. Nafuta chaki. Ningesema hivyo, watu wangecheka kidogo, ningekwenda kwa mama wa kwaya, na jioni ningepika viazi viwili. Mkono wangu ulikuwa bado hewani. Kila mtu ninayemjua alikuwa ananitazama, na nilikumbuka nilivyojigamba mbele ya rafiki yangu kwamba mimi sina haya.

Nikaushusha mkono bila kugusa koti.

"Nyuma ya kandida," nikasema.

"Huyo si mgombea, mama."

"Sikusema mgombea."

Waliotoka Kongo ndio walioelewa kwanza. Nilisikia rafiki yangu akipiga kelele, "Yebaba weee!" na kelele ikaenda kutoka mstari hadi mstari, waliorudi kutoka Uganda wakiuliza, wa Kongo wakiwatafsiria. Mwalimu hakugeuka. Masikio yake tu ndiyo niliyoyaona, na yalikuwa yametulia kabisa, kama ya mtu anayesikiliza jina lake likisomwa.

"Mama," akasema taratibu, bila kugeuka, "umeangalia vizuri? Nyuma yangu hakuna mtu mwingine."

"Nimeangalia," nikasema. "Ndiyo maana nimepata nafasi."

Msimamizi alikuwa mtu wa sheria lakini si mtu mbaya. Akahesabu mstari wa muuza viazi, akahesabu wa mama wa kwaya, akaandika. Halafu akatujia sisi, akaninyooshea kalamu kwa uso wa kazi.

"Huku," akatangaza, "moja."

"Imetosha," akasema mwalimu.